Kuhamisha santuri kwenye kompyuta: sindano kwanza, programu baadaye

Anayetaka kuhamisha santuri zake huuliza kwanza atumie programu gani. Audacity inatosha, na ni ya bure. Kinachoamua ubora wa kazi kiko kabla ya hapo: uchafu, sindano na nyaya. Punje ya vumbi iliyonasa kwenye mfereji, sindano huisoma kama sehemu ya muziki. Kuiondoa kwa maji ni kazi ya dakika tano. Ikishaingia kwenye faili, utaihangaikia jioni nzima.

Kwa hiyo osha santuri, usiipanguse kavukavu. Chukua nusu lita ya maji yasiyo na madini, yale yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji, na tone moja tu la sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Lowesha brashi laini, zungusha kufuata mifereji, kamwe usiikate kwa kwenda kutoka katikati hadi ukingoni. Suuza kwa maji yaleyale bila sabuni, maana sabuni ikikauka ndani ya mfereji huacha utando ambao nao unasikika. Lebo isiguswe na maji. Simamisha santuri wima ikauke kabisa, na kabla ya kucheza kila upande pitisha brashi ya nyuzi za kaboni. Tahadhari moja kubwa: santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika nyingi zimetengenezwa kwa sheleki, na sheleki huyeyuka kwenye spiriti. Hizo zisiguswe na dawa yoyote yenye spiriti, na zisilowekwe.

Sindano ikaguliwe kwa lenzi. Ncha ya almasi hudumu kwa mamia ya saa za kucheza; ya yakuti huchoka mapema zaidi. Ukiona kibonge cha vumbi kimeng'ang'ania, kisafishe kwa brashi ndogo ukivuta kutoka nyuma kuja mbele, yaani mwelekeo uleule santuri inaopita. Ukisukuma kinyume au kwa pembeni unaweza kukunja kijiti kinachoshika ncha. Halafu pima uzito ambao sindano inaikandamizia santuri. Vichwa vingi vya sindano vya nyumbani, yaani vifaa vinavyoshika sindano, hutaka gramu 1.5 hadi 2.5, nawe fuata namba aliyoandika mtengenezaji. Watu hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta zake. Hilo huumiza kuliko uzito uliozidi kidogo. Mashine yenyewe ya kuchezea ikae sawasawa. Weka pimamaji juu ya sahani kuhakikisha.

Mizunguko 78 inadai sindano yake. Ncha ya santuri za 33 na 45 ina nusukipenyo cha maikroni 20 hivi, ya 78 karibu 70. Ukicheza 78 kwa ncha ndogo, inazama hadi kwenye kitako cha mfereji, mahali uchafu wa miaka yote ulipolala, na utakachorekodi zaidi ni mchakacho.

Sasa nyaya. Kichwa cha sindano cha aina ya kawaida hutoa milivolti 5 hivi, ilhali mlango wa kurekodia wa kompyuta unatarajia mamia. Isitoshe, tangu miaka ya 1950 santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti kali zikiwa zimeongezwa, kwa kipimo kiitwacho RIAA, ili mifereji isitanuke mno na mchakacho wa uso usizidi muziki. Priamplifaya ya santuri hufanya kazi mbili: hukuza sauti na kukigeuza kinyume kipimo hicho. Masikio yatakuambia kama mambo yameenda kombo. Sauti nyembamba, ya mbali, isiyo na besi: priamplifaya haipo. Sauti nzito iliyovimba na kupasuka: zipo mbili mfululizo, kwa kawaida moja imefichwa ndani ya mashine na ina swichi yake kwa nyuma. Zima moja.

Mngurumo wa chini usiokoma ni suala la waya wa athi. Ule waya mwembamba unaotoka kwenye mashine ufungwe kwenye skrubu ya priamplifaya. Ukigusa chuma cha mkono wa sindano na mngurumo ukabadilika, umeshajua pa kutazama. Spika nazo zisikae meza moja na mashine, kwa sababu mtikisiko wao hurudi kupitia sindano. Wakati wa kurekodi sikiliza kwa hedifoni.

Kabla ya kubofya kurekodi, gongagonga kompyuta kwa kidole. Mistari ya kipimo ikiruka, unarekodi maikrofoni ya kompyuta, si santuri. Kosa hili ni la kawaida mno. Chagua kifaa sahihi, chaneli mbili, na uzime "maboresho" yote ya sauti kwenye mfumo wa kompyuta. Cheza sehemu yenye kishindo zaidi, upange kiwango ili kilele kisipite desibeli -6. Baada ya kurekodi, vuta picha ya wimbi karibu: vilele vikiwa bapa kama vilivyokatwa kwa kisu, sauti imepasuka na haina dawa. Rekodi upya.

Rekodi kwa biti 24, yaani kila kipimo cha sauti kiandikwe kwa usahihi mkubwa. Hapo huhitaji kusogelea ukomo wa kipimo ili kupata sauti safi. Kuhusu sampuli, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde, 44.1 au 48 kilohezi zinatosha kusikiliza. 96 ina manufaa ukikusudia kuondoa mikwaruzo mingi, kwa kuwa mkwaruzo huonekana wazi zaidi. Ila ujue gharama: biti 24 kwa kilohezi 96 hula megabaiti 35 hivi kwa dakika, hivyo santuri ya dakika 40 inakaribia gigabaiti 1.4. Rekodi upande mzima bila kukatisha, na uache sekunde kadhaa za mfereji mtupu mwanzoni.

Kwenye usafishaji, anza kwa kukata masafa yaliyo chini ya hezi 20 hadi 30. Huko kuna mtikisiko wa mashine tu. Mkwaruzo utauona kama mwiba mwembamba umechomoza kwenye wimbi. Uchague wenyewe peke yake, usizidi sampuli 128, kisha tumia Repair ya Audacity. Inachosha, lakini haigusi kingine chochote. Kichujio cha kuondoa mchakacho wa nyuma ndicho kinachoharibu kazi nyingi: kikizidi, matoazi huanza kulia kama maji yanayobubujika. Desibeli 6 zitoshe, na pakiwa na shaka acha mchakacho ulivyo.

Santuri ya mono (chaneli moja) irekodi kwa chaneli mbili vilevile. Mara nyingi mkwaruzo umekula ukuta mmoja tu wa mfereji, kwa hiyo sikiliza kila chaneli peke yake na uchukue iliyo safi. Zikilingana, zichanganye, mchakacho utapungua.

Wimbo wa mwisho wa kila upande ukisikika umechakaa, usiilaumu programu. Ukingoni mwa santuri kubwa ya 33 mfereji hupita chini ya sindano kwa sentimita 50 hivi kwa sekunde, karibu na lebo 20 tu, na mawimbi yamebanana. Rekebisha pembe ya kichwa cha sindano kwa karatasi ya kupimia, kisha urekodi tena.

Weka alama mwanzoni mwa kila wimbo kwa Ctrl+B, toa mafaili ya FLAC, yasiyopoteza ubora, kama nakala kuu, na MP3 za simu zitoke humo. Kwenye maelezo ya faili andika pia namba iliyochongwa kwenye eneo tupu kando ya lebo: santuri mbili zenye lebo moja zinaweza kuwa zimechapwa kutoka kwenye michongo tofauti, na namba hiyo ndiyo itakayokuonyesha ni ipi uliyorekodi.