Boti iliyotumika: anza kukagua tezi (sehemu ya nyuma), rangi iache mwisho

Ndugu, umeuliza ukague nini kwenye boti ya faiba ya futi 18 yenye injini ya kufunga nyuma, maana muuzaji anakwambia ni ya kutia mafuta na kuondoka tu. Nimemiliki boti za aina hiyo na nimewakagulia wenzangu, kwa hiyo nakueleza ninavyofanya mimi.

Usianze na injini, ingawa ndiyo inayovuta macho. Injini hubadilishwa, lakini bodi, yaani umbo lenyewe la boti, ikioza umenunua mzigo. Nenda moja kwa moja tezini, kwenye ukuta unaobeba injini. Boti nyingi za faiba zina plaiwudi iliyofichwa ndani ya ukuta huo, na maji hupenya kwenye matundu ya boliti yasiyozibwa vizuri. Ubao unaoza ndani huku nje pakimeremeta. Chukua bisibisi, geuza mpini, gonga taratibu ukuta mzima. Palipo pazima hutoa mlio mkali, mkavu; palipooza mlio hudidimia. Kisha inua injini nusu, shika mguu wake wa chini na uusukume juu na chini huku mwenzako akitazama ukuta. Ukuta ukicheza, au nyufa zikionekana kuzunguka boliti, mimi hushukuru na kuondoka. Kuujenga upya ni kazi kubwa, na punguzo la bei mara chache huifidia.

Sakafu nayo usiiamini kwa kuitazama. Ikanyage kwa kisigino kila pembe. Niliwahi kukagua boti iliyotandikwa zulia jipya. Nilipoomba kulifunua pembeni, muuzaji akasita. Chini yake palibonyea kwa kidole. Zulia jipya si kosa, ila uliza limewekwa lini na kwa nini.

Sasa injini. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika iguse kwanza: iwe baridi. Iliyokwisha kupashwa huficha ugumu wa kuwaka. Mwite fundi mwenye geji apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda, na usitishwe na namba moja moja. Muhimu ni silinda kulingana. Zikipishana zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna tatizo ndani. Halafu fanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: legeza skrubu ya chini ya mguu, pokea oili ya gia kidogo. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa na vipande vya chuma, gia zinalika. Omba pia propela ifunguliwe, kwa sababu mshipi wa kuvulia hujisokota kwenye shafti, ukakata sili (mpira wa kuzuia maji), na hapo ndipo maji hupata njia.

Injini ikiwaka, tazama mchirizi wa maji ya kupozea unaotoka nyuma. Uwe na nguvu na usikatike. Ukiwa dhaifu, huenda impela (gurudumu la mpira linalosukuma maji) ya pampu imechoka au chumvi imeziba njia.

Waya sitazieleza sana: ukijani kwenye shaba na viungio vya kuzungushia tepu vinakuonyesha matunzo yake. Harufu ya petroli, hiyo usiipuuze hata kidogo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, na cheche moja ya swichi inatosha kuulipua. Kagua mipira yote ya mafuta kwa mkono, uikunje uone kama inapasuka.

Mwisho ingieni majini, tena na watu ndani, maana boti tupu haionyeshi udhaifu wake. Ongeza kasi ya injini hadi mwisho. Injini nyingi za aina hii zinatakiwa kufika mizunguko kama 5000 hadi 6000 kwa dakika. Kiwango kamili kimo kwenye kitabu chake. Isipofika, ama propela si yake ama injini imechoka. Kata kona kali pande zote, rudi kinyumenyume. Mkirejea, fungua ngama uitazame. Kama ilikuwa kavu na sasa ina maji, tafuta yanakoingilia kabla hamjazungumza bei. Muuzaji akikataa boti kuingizwa majini, mimi siendelei.

Linganisha pia namba za bodi na injini na zile za kwenye hati. Kwa boti zilizotengenezwa Marekani, namba ya bodi hukaa tezini upande wa kulia, ina herufi na tarakimu 12. Ikiwa imekwanguliwa, usitoe hata malipo ya awali.