Je, vidonge vya madini ya chuma vitaua seli zangu za neva?

SWALI: Mhariri, daktari amenipa vidonge vya madini ya chuma kwa sababu ya upungufu wa damu. Nimesoma kwamba seli za neva zinaweza kuuawa na chuma, na kwamba mitokondria, yaani sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati, ndizo zinazoharibiwa kwanza. Naomba kuelezwa jambo hili hutokeaje, na kama niache vidonge.

JIBU: Ndugu msomaji, usiviache. Kifo cha seli unachokizungumzia kipo, nacho kilipewa jina la feroptosisi mwaka 2012 na Scott Dixon, Brent Stockwell na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Lakini chanzo chake si wingi wa chuma peke yake.

Mitokondria haziwezi kuzalisha nishati bila chuma, kwa kuwa protini nyingi zinazopitisha elektroni ndani yake zina vishada vya chuma na salfa. Elektroni chache huvuja njiani, zikaangukia kwenye oksijeni, na hatimaye ikatokea peroksidi ya hidrojeni. Peroksidi hiyo ikikutana na chuma ambacho hakijafungwa kwenye protini, huzaliwa radikali kali, yaani molekuli isiyotulia, inayoshambulia asidi za mafuta zinazooksidika kwa urahisi zilizo kwenye utando wa seli. Na kila molekuli ya mafuta iliyoshambuliwa huishambulia ya jirani, kama mafuta ya kupikia yanavyoharibika na kunuka yakiachwa wazi. Seli za neva zimo hatarini zaidi kwa sababu tando zao zina asidi nyingi za mafuta za aina hiyo, na kwa sababu ubongo, ambao ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake.

Kwa kawaida kimeng'enya kiitwacho GPX4, kwa msaada wa glutathioni, molekuli ya kinga inayotengenezwa na seli yenyewe, huyarekebisha mafuta yaliyoshambuliwa kabla madhara hayajaenea. Ulinzi huo ukishindwa, mitokondria husinyaa, tando zake huonekana nzito zaidi kwa hadubini ya elektroni, mikunjo ya ndani hupungua au kutoweka, na utando wa nje huweza kupasuka, ilhali kiini cha seli hubaki karibu na hali yake ya kawaida. Neva iliyopoteza mitokondria zake hukosa nishati ya kusukuma chumvi kupitia utando wake, kazi ambayo bila hiyo haiwezi kupitisha ishara yoyote.

Hata hivyo, dai kwamba mitokondria huharibiwa kwanza linahitaji tahadhari. Seli zilizoondolewa mitokondria katika maabara bado zilikufa pale GPX4 ilipozuiwa, ingawa zilistahimili zaidi pale zilipokosa sisteini, ambayo ni malighafi ya glutathioni. Kwa maoni yangu, ni sahihi zaidi kusema kwamba mitokondria huathiriwa na pia huchochea, kutegemea ulinzi uliovunjika ni upi.

Kuhusu vidonge vyako, chuma huingia ubongoni kupitia kizuizi kinachodhibitiwa, hivyo kiasi chake huko hakipandi na kushuka sambamba na kile cha damu. Tena, kupunguza chuma si lazima kulete nafuu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, wagonjwa 372 wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoua seli za neva zinazotengeneza dopamini, kemikali ya kupitishia ishara) waliogunduliwa karibuni, ambao hawakuwa wameanza levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huo, waligawanywa kupewa deferiproni, dawa inayonasa chuma, au dawa bandia kwa wiki 36. Chuma kilipungua katika maeneo husika ya ubongo wa waliopewa deferiproni, lakini dalili zao zilizidi kuwa mbaya kuliko za wenzao. Huenda sababu mojawapo ni kwamba kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa dopamini nacho huhitaji chuma.

Endelea na dozi uliyoandikiwa bila kuizidisha, na umuulize daktari wako ni lini utapimwa tena damu na feritini, protini inayohifadhi chuma mwilini, kwa kuwa vipimo hivyo ndivyo vitakavyoonyesha wakati wa kuacha.