Maswali na Majibu: Joto la Vumbi Linalozaa Sayari

SWALI: Salamu wahariri. Nina darubini yenye kioo cha sentimita 20 na kamera niliyoitoa kichujio cha infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho. Nikiielekeza kwenye nyota changa nikiwa juu ya paa, nitaiona ile diski ya vumbi inayounda sayari?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Hapana, ndugu, wala kioo chako hakina kosa. Kihisi cha kamera ni cha silikoni, na silikoni haihisi wimbi linalopita mikromita 1.1 hivi (mikromita ni sehemu ya milioni ya mita). Vumbi la diski hung'aa mbali zaidi ya hapo. Chukua 2898, ugawe kwa joto la kitu katika kelvini (nyuzi za selsiasi ukiongeza 273), na utapata mikromita ambako kitu hicho hung'aa zaidi. Vumbi lililoikaribia nyota kabisa lina kelvini 1500 hivi, na likizidi hapo linageuka mvuke. Hilo hung'aa zaidi kwenye 1.9. Lenye kelvini 300, kwenye 9.7. La pembezoni, lenye kelvini 30, kwenye 97. Ukibadilisha urefu wa wimbi, unasoma pete nyingine ya diski ileile.

Sasa angalia joto la kwetu. Usiku wa nyuzi 27 ni kelvini 300. Paa, bomba la darubini, kioo chenyewe na hewa, vyote vinang'aa palepale kwenye mikromita 9.7. Ni sawa na kutafuta mwanga wa koroboi saa sita mchana. Hata kamera za joto wanazotumia mafundi wa umeme, ambazo huhisi mikromita 8 hadi 14, zingeona paa lako tu. Juu ya hayo kuna mvuke wa maji, ambao sisi wa pwani hatuukosi, nao humeza sehemu kubwa ya mawimbi haya.

Ndiyo maana darubini kubwa za VLT zilijengwa Paranal, kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, mita 2635 juu ya bahari. Hata huko hupima nyota, kisha anga tupu kando yake, tena na tena, na kutoa kipimo cha anga katika kile cha nyota. Darubini ya James Webb imeikimbia hewa kabisa: iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, na MIRI, chombo chake cha kupima infraredi, kimepozwa hadi chini ya kelvini 7. Mwaka 2023 MIRI ilionyesha mvuke wa maji katika sehemu ya ndani ya diski ya nyota PDS 70, umbali usiofika kilomita milioni 160 kutoka kwa nyota hiyo. Kwetu sisi jambo hilo ni kubwa mno: maji yapo pale ambapo sayari za mawe zinaweza kuumbika.

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari. Wanafunzi wangu wanaweza kupata vipimo halisi vya diski hizi bila gharama?
Mwalimu, Likoni

JIBU: Wanaweza, mwalimu, na simu yenye intaneti inatosha. Fungueni hifadhi ya data ya IRSA, iliyoko Caltech, Marekani, haidai malipo. Chagueni katalogi ya AllWISE, yaani orodha ya vipimo vya WISE, darubini ya infraredi iliyokuwa angani, andikeni jina la nyota, na mtafute ndani ya sekunde 10 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3600 ya digrii). Mtapata magnitudi nne, yaani vipimo vya mwangaza ambavyo namba ikiwa ndogo mwanga ni mwingi zaidi: W1 kwenye mikromita 3.4, W2 kwenye 4.6, W3 kwenye 12 na W4 kwenye 22.

Mizani ya magnitudi hizi imewekwa hivi: nyota tupu, isiyo na vumbi, hutoa namba zinazokaribiana kote. Tuseme mmepata 9.1, 9.0, 6.6 na 4.1. Magnitudi 2.5 ni mara 10, na 5 ni mara 100. Basi kwenye W4 kuna mwanga mara 100 ya ule ambao nyota peke yake ingetoa, na ziada hiyo ni vumbi. Lakini W1 na W2 hazina ziada, maana yake vumbi la moto la karibu na nyota halipo. Diski hii ina tundu katikati, na huenda sayari ndizo zinazolifagia. Wanafunzi wakifika hapa, wape muda wabishane.

Makosa hutokea zaidi katika W4. Someni safu ya ph_qual kwanza: herufi U ina maana chombo hakikuiona nyota, na namba iliyoandikwa ni kikomo tu. Safu ya cc_flags iwe 0000. Herufi yoyote humo ni onyo la mwanga wa nyota jirani au dosari ya picha. Picha ya W4 ina ukungu wa sekunde 12 za tao, mara mbili ya W1, kwa hiyo galaksi ya nyuma inaweza kujifanya diski. Linganisheni picha zote mbili: kitovu kikihama, iacheni nyota hiyo. Msichague inayong'aa kuliko magnitudi 8 katika W1, kwani kihisi hujaa. Nyota ndogo nyekundu nazo huonyesha tofauti ya sehemu chache za kumi hata bila vumbi.

SWALI: Ipo nyota yenye diski ninayoweza kumwonyesha mjukuu wangu kwa kidole?
Bibi, Mji wa Kale

JIBU: Ipo, bibi yetu: Beta Pictoris. Mwanzoni mwa Februari, kaskazi ikivuma, tokeni saa tatu usiku mahali pasipo taa, mtazame kusini. Suheli ndiyo nyota kali kuliko zote upande huo. Nyoosha mkono; kuliani kwake, vidole vitatu hivi na juu kidogo, kuna nyota hafifu. Ndiyo hiyo, nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. IRAS, darubini ya infraredi iliyokuwa angani, ilihisi joto la vumbi lake mwaka 1983, na mwaka uliofuata diski yenyewe ikapigwa picha kutoka ardhini. Gesi yake nyingi imekwisha. Vumbi linaloonekana leo hutokana na mawe yanayogongana, na sayari zake zimeshazaliwa.