Uliza Fundi: "Warranti ni ya Sony, sio ya duka"

Shikamoo fundi. Niko Pasua, Moshi, napiga bodaboda. Mwezi wa tatu nilipanda Kosta mpaka Arusha nikanunua PS5, mashine ya gemu ya Sony, kwenye duka moja mjini, milioni moja na laki tatu na nusu, hela nimedunduliza mwaka mzima, wakaniambia mpya boksi na ina warranti ya mwaka. Wiki ya sita inawaka taa nyeupe ila kwenye TV hakuna kitu. Nimeirudisha, mara wanasema umeme wa Moshi ndo umeiua hii ni ya Marekani, mara warranti ni ya Sony sio ya duka, mara stika ya nyuma imechanika. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sina, walinipunguzia elfu hamsini nisidai, nina kikaratasi chao tu chenye muhuri. Ndo nimeliwa?

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Hujaliwa bado, ila kwa hiyo elfu hamsini umemrahisishia kazi anayetaka kukula, na ntarudi hapo.

Kwanza mashine yenyewe. Taa nyeupe maana yake imewaka, kinachokosekana ni picha tu. Izime kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba hivi, alafu chomeka padi kwa waya. Picha ikitokea hapo tatizo ni mpangilio wa video, utaubadilisha hapohapo bila kulipa mtu. Isipotokea, jaribu waya mwingine wa HDMI, ule unaopeleka picha kwenye TV, na TV ya jirani. Ikigoma kote huko basi nahisi ni tundu la HDMI au chipu yake, na hilo tundu kwenye meza yangu naliona kila wiki, watu wanachomoa waya kama wanang'oa muhogo.

Hiyo ya umeme aisee wasikutishe. PS5 inapokea volti 100 mpaka 240, iwe ya Marekani iwe ya wapi. Umeme ukikatika na kurudi kwa fujo unaweza kuua kitu chochote, sawa, ila anayedai hivyo aifungue akuonyeshe kilichoungua, asiongee tu kaegemea kaunta.

Sa warranti. Angalia namba ya modeli inayoanza na CFI. Tarakimu zikiishia 15 hiyo iliandaliwa kwa soko la Marekani, zikiishia 16 ni ya Ulaya. Sony Marekani wanatoa mwaka mmoja kweli lakini kwa walionunua kulekule, hawana habari na boksi lililopita Dubai likashuka Kariakoo likapanda basi kuja Arachuga. Kwa hiyo duka likisema warranti ni ya Sony linakupa ahadi ya mtu ambaye hakujui. Ndo maana hicho kikaratasi chenye muhuri ni mali kuliko boksi lenyewe, kama kimeandikwa mwaka na jina la duka hiyo ni ahadi yao wao, na waliitumia kukuuzia.

Wewe usiifungue, na usimpe fundi wa mtaani aifungue, hata mimi. Waandikie WhatsApp, usipige simu, taja tarehe uliyonunua, bei, tatizo, na unataka nini, watengeneze au wabadilishe, uwape siku kadhaa. Piga picha kikaratasi na namba ya mashine, na kama ulilipa kwa simu itafute ile meseji ya muamala, inasaidia kuziba pengo la risiti. Wakigoma peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mteja, na kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" hakimpi mtu ruhusa ya kukuuzia kwa ahadi ya mwaka alafu akaikana wiki ya sita.

Kuhusu stika, huko Marekani mwaka 2018 serikali iliwaandikia onyo Sony, Microsoft na Nintendo kwa habari ya kusema stika ikichanika warranti imekufa. Sheria yao haifiki kwetu, najua, lakini mwambie muuzaji hivyo uone atakavyokohoa. Na EFD ni sheria, muuzaji atoe na mnunuzi adai. Next time hiyo elfu hamsini muachie.

*

Kaka, nina kibanda cha gemu Sakina, PS4 nne. Nasubiri PS5 ishuke bei kama PS4 ilivyoshuka, mwaka wa ngapi huu haishuki. Nisubiri?

Utasubiri sana. PS4 ilitoka 2013 kwa dola 399 ikawa inashuka. PS5 ilitoka 2020 kwa dola 499, ile ya CD, na Agosti 2025 hukohuko Marekani ikapandishwa ikafika 549. Xbox Series X, mashine ya Microsoft, nayo ilianza 499, mwaka 2025 peke yake ikapandishwa mara mbili mpaka 649. Zamani chipu zilikuwa zinakuwa rahisi kutengeneza kila mwaka, siku hizi hazishuki hivyo, na juu yake mwaka 2025 Marekani waliweka ushuru mpya. Ikifika kwetu kuna usafiri, VAT asilimia 18 na dola inavyoamka siku hiyo. Gemu kubwa nazo zilikuwa dola 60, tangu 2020 nyingi ni 70.

Mi ningekuwa wewe ningebaki na PS4. Wateja wako wanakuja kupiga mpira, na FC 26, gemu ya mpira, imetoka kwa PS4 pia. Ukija kununua PS5 chukua ya CD, ya dijito, isiyo na tundu la CD, gemu ukishainunua huwezi kuiuza wala kubadilishana na kibanda cha Ngarenaro.

*

Fundi, mwanangu aliniomba kadi ya PlayStation nikamnunulia, kumbe ni ya Uingereza na akaunti yake ni ya Marekani, inakataa. Muuzaji anasema imeshakwanguliwa. Mama wa Njiro.

Pole mama. Tanzania haipo kwenye orodha ya nchi za PlayStation ndo maana watoto wanajiandikisha kama wako Marekani, na kadi lazima ifanane na nchi ya akaunti. Hela haijapotea. Mwanao afungue akaunti nyingine ya Uingereza kwenye mashine hiyohiyo, aingize kadi huko, anunue gemu, alafu awashe kushea kwa konsoli (Console Sharing) kwenye akaunti hiyo mpya. Ataicheza kwa akaunti yake ya zamani bila shida. Ila kama alitaka zile pointi za FC za kununulia wachezaji, hizo zitabaki akaunti ya Uingereza, na mi hapo mama nakupa hongera.