Ukivutwa, Achia: Maswali ya Wasomaji kuhusu Kaiti ya Baharini

Nina miaka 24, kilo 70, na kuogelea najua. Nataka kwenda Paje, Unguja, kujifunza kaiti, ule mchezo wa kusimama kwenye ubao ukivutwa juu ya maji na tiara kubwa. Niende mwezi gani, na nitahitaji siku ngapi? (Msomaji, Kinondoni)

Nenda wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, au wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari. Aprili, Mei na Novemba upepo hulegea, utakaa siku nzima unatazama minazi. Ukisimama Paje umeelekea baharini, kusi hukujia kutoka kulia na kaskazi kutoka kushoto, na zote mbili hukurudisha kidogo kidogo ufukweni. Ndiyo sababu pwani ile inamfaa mwanafunzi. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini usiuguse hata ukiwa laini. Kasi nzuri ya kujifunzia ni kilomita 22 hadi 35 kwa saa. Programu za simu nyingi huandika kwa noti, na noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa.

Kabla hujakata tiketi ya boti, angalia mwezi mwandamo. Siku za bamvua (maji makubwa) maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4: yakipwa unabaki na maji ya kifundo cha mguu juu ya mwamba, yakijaa ufukwe unamezwa na hakuna pa kurushia. Panga masomo siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, kama tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24 za mwezi mwandamo. Hapo maji ya kiunoni hukaa muda mrefu zaidi.

Kozi ya mwanzo ni saa 9 hadi 12, na zigawe kwa siku tatu au nne kwa sababu mikono huchoka. Tafuta mwalimu mwenye cheti cha IKO, shirika la kimataifa la mchezo wa kaiti. Mtaanza nchi kavu na kaiti ndogo ya mita 2 au 3 za mraba, kisha kufunga kamba, kisha majini bila ubao. Hapo majini wengi hufanya haraka, na tunawasihi wasifanye. Kuburutwa kwenda demani (upande upepo unakokwenda) kila mtu anaweza. Kazi ni kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo. Mkono mmoja ushike mpini (fimbo ya kuongozea kaiti), wa pili uunyooshe ndani ya maji upande wa joshi (upepo unakotoka), ulale ubavu. Mkono ule unakuwa mkuku wako, kama uti wa chini wa jahazi. Usipojua kubisha hivyo, ubao ukikuponyoka huupati tena: wenyewe unabaki joshi, nawe unavutwa demani.

Jambo la kwanza kabisa, hata kabla ya hayo, ni kuachia. Mpini ukiuvuta kwako kaiti huongeza nguvu, ukiusukuma hupunguza. Mtu akishtuka hukunja mikono, yaani huvuta, na ndivyo watu wanavyokokotwa mchangani. Hatua ni tatu. Achia mpini. Bado unavutwa? Sukuma kifyatuo kilicho mbele ya mkanda wa kiunoni, kaiti ibaki kwenye kamba moja na kulala. Bado? Fyatua kamba ya usalama, uachane nayo kabisa. Rudia ukiwa umefumba macho, mara 10 kwa kila mkono, mpaka kidole kijue njia chenyewe.

Nimepata kaiti ya mtumba ya mita 12 za mraba kwa bei nzuri. Nikague nini? Na je, naweza kujifunza mwenyewe kwa video? (Msomaji, Ukunda)

Kwa video, hapana. Kaiti ya mita 12 ikikamatwa vibaya na upepo humnyanyua mtu mzima.

Kuhusu kifaa chenyewe, anza na tyubu. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliposajili hataza ya kaiti ya kujazwa upepo mwaka 1984, shabaha yao ilikuwa kaiti inayoelea ikianguka na kurushwa tena kutoka majini. Tyubu ikivuja, sifa hiyo imekwisha. Jaza mpaka ukuta wake ulie kama ngoma ukiupiga kwa kidole, iache usiku kucha kivulini. Asubuhi ikiwa imelegea, pitisha povu la sabuni kwenye vali kwanza. Mara nyingi tatizo liko hapo.

Kisha shika kitambaa ukifinye karibu na sikio. Kizuri hulia kama karatasi. Kikiwa laini kama khanga iliyofuliwa miaka mingi, jua limeshakila, achana nacho. Mwisho, funga ncha za kamba zote nne kwenye msumari mmoja wa nguzo, rudi nyuma, uzivute zote kwa pamoja: mpini lazima ukae sawa. Kamba mbili za mbele ndizo zinazobeba uzito, hivyo hurefuka kwa matumizi. Zikizidi zile za nyuma, kaiti hurudi kinyumenyume na kuanguka, na mwenyewe utadhani hujui kuirusha. Kifyatuo kioshe kwa maji yasiyo na chumvi na ukijaribu, maana chembe za mchanga hukikwamisha.

Kwa mtu wa kilo 75 mita 12 inatosha upepo wa kilomita 26 hadi 33 kwa saa. Ukipita 37, chukua ya mita 9.

Kaiti naimudu, kuburutwa naweza, lakini kila nikisimama kwenye ubao naangukia uso. Nakosea wapi? (Msomaji wa kike, Jambiani)

Dada, karibu kila anayejifunza hupita hapo. Tutahesabu kwa saa yetu, kama jua: saa 6 ni utosini, saa 3 ni mkono wa kushoto, saa 9 ni wa kulia. (Mwalimu mgeni akisema kumi na mbili, anamaanisha hiyo hiyo saa 6.) Kwenda kulia, peleka kaiti saa 5, kisha ishushe kwa mkupuo mmoja mpaka saa 7 na nusu. Ukiifikisha saa 9 kwa kishindo, itakupindua.

Tuna shaka zaidi na miguu na mikono yako. Usisimame, kaa magoti yakiwa karibu na kifua, mpaka kaiti yenyewe ikuinue. Pua ya ubao ielekeze demani kidogo wakati wa kunyanyuka. Ukikaa umekingamia, ukingo wa mbele unachimba maji. Na usining'inie mpini kama aliyeshika bomba la daladala. Uzito wako uko kwenye mkanda. Mpini unashikwa kwa vidole tu.

Sisi tunalima mwani. Wanafunzi wa kaiti wanatuangukia shambani, kamba zinakatika. Wanafundishwa nini? (Mama msomaji, Pwani ya Mashariki, Unguja)

Wanapaswa kufundishwa hivi, mama: kamba ya kaiti ina urefu wa mita 20 hadi 24, hivyo upande wa demani waache nafasi ya urefu huo mara mbili, kama mita 50, bila mtu wala kigingi. Maji ya bamvua yakipwa ninyi mko shambani, wao wakae ufukweni. Kaiti ikianguka juu ya mwani, mwanafunzi asiirushe tena: afyatue, aisogelee kwa miguu, aikunje mkononi, kisha aje kwako aone kilichokatika na akifunge upya.