Keki ya mdalasini yenye chenga juu: ukiokea Mbeya, punguza beking pauda

Maelekezo ya nyuma ya pakiti za unga wa keki yameandikwa kwa mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari. Sisi wa Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu, Iringa mjini kama 1,600, Njombe inakaribia 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi, haiikandamizi keki sana, kwa hiyo gesi ya beking pauda inajitanua kuliko kawaida. Keki inapanda haraka, inafika juu kabla unga haujashika, halafu inachoka na kudidimia katikati. Hapo watu wanalaumu mayai, wanalaumu jiko, wanamlaumu mtoto aliyefunua kuchungulia. Mara nyingi shida ni kwamba beking pauda ilikuwa nyingi kwa mwinuko wetu.

Na keki ninayoizungumzia leo inaonyesha kasoro hiyo waziwazi, kwa sababu kichwani inabebeshwa chenga za unga, sukari, siagi na mdalasini. Ikilegea kidogo tu, chenga zote zinazama na kufanya dimbwi tamu katikati. Wamarekani wanaiita keki ya kahawa, ingawa ndani hakuna kahawa hata punje. Ni kitafunio cha kunywea kahawa. Chenga zenyewe asili yake ni kwa waokaji wa Kijerumani. Sisi tulio jirani na kahawa ya Mbozi na Rungwe tungetegemewa kuinywea kahawa, lakini kwangu inaliwa na chai ya maziwa, tena ya tangawizi, na sioni ubaya.

Uzuri wake ni kwamba haihitaji mashine wala kusaga siagi na sukari mpaka mkono ufe ganzi. Inatoka kwenye unga uliokwisha kuchanganywa na mafuta, chumvi na beking pauda, ukabaki kuongeza yai, maziwa na sukari kidogo. Marekani unga wa namna hiyo unauzwa madukani tangu 1931, ulipoanza ule wa Bisquick. Huku kwetu sioni sababu ya kuhangaika kuutafuta. Utengeneze mwenyewe, kwani ukiutengeneza ndipo unapopata nafasi ya kupunguza beking pauda. Ya pakiti huwezi kuitoa.

Chukua unga wa ngano kilo 1, beking pauda vijiko vikubwa 3 vilivyosawazishwa kwa kisu, chumvi vijiko vya chai 2, na mafuta mgando gramu 200. Ndugu yako wa Dar kwa kilo hiyohiyo angeweka vijiko 4 na keki yake ikatulia. Chekecha vitu vikavu mara mbili ili beking pauda isambae. Isipochanganyika utakutana na madoa ya kahawia na ladha ya sabuni. Kisha ingiza mafuta. Asubuhi za Juni na Julai mafuta mgando huku yanakuwa magumu ajabu, usipigane nayo kwa kijiko. Yakwaruze kwa kikwaruzo cha karoti moja kwa moja juu ya unga, halafu sugua kwa ncha za vidole, si kwa kiganja, ukiinua na kuachia. Kiganja kina joto, kinayayeyusha. Utajua umefika pale ukikamata unga ngumi moja: ukifungua mkono unabaki umeshikana, ukiugusa kwa kidole unabomoka.

Kuna wanaopenda kutumia majarini hapa. Ladha inapendeza, lakini majarini ina maji ndani yake, na maji yanaanza kuiamsha beking pauda taratibu humohumo kwenye kopo. Ukitumia majarini, weka friji na umalize ndani ya wiki moja au mbili. Mafuta mgando hayana maji, kwa hiyo mchanganyiko wake unakaa hata mwezi kwenye kabati la baridi, ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana. Bandika karatasi yenye tarehe. Beking pauda yenyewe ijaribu kabla hujaanza: tia nusu kijiko cha chai kwenye maji ya moto. Ikichemka povu kwa nguvu, iko hai. Ikinyamaza, itupe, hata kama kopo linaonekana jipya.

Siku ya kuoka, koroga mchanganyiko kwanza ukiwa kwenye ndoo, kisha pima vikombe 2 bila kushindilia. Kikombe ninachosema ni cha mililita 250; kama huna cha kupimia, chupa ya maji ya nusu lita ikatwe katikati ya ujazo wake, umepata. Ongeza sukari vijiko vikubwa 3 na uchanganye. Pembeni piga yai 1 la kisasa (ya kienyeji yakiwa madogo, tumia 2) pamoja na maziwa robo tatu ya kikombe na vanila kidogo kama unayo. Usiyabane maziwa. Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage yetu yanakula mkaa, na ndiyo maana keki inapoteza unyevu upesi ikiwa motoni. Mtindi nao ni mzuri, ulainishe kwa maziwa kidogo mpaka umiminike. Usiongeze magadi soda eti kwa sababu ya ukali wa mtindi. Utarudisha kiumulio ambacho tumetoka kukipunguza.

Mimina vya majimaji kwenye vikavu na koroga kwa mwiko kidogo tu, mpaka usione unga mkavu. Vidonge vidogo viache. Ukikoroga sana inakuwa mkate, na mkate sote tunajua pa kuununua. Rojo linatakiwa liwe zito, liachie mwiko kwa kuanguka bonge, si kutiririka. Uzito huo ndio unaobeba chenga. Likiwa jepesi, ongeza kijiko kimoja cha mchanganyiko.

Sasa chenga, ambazo kwangu ndiyo sababu yote ya kuoka keki hii.

Mapishi mengi yanakwambia utumie ule mchanganyiko wa ndoo hata kwa chenga. Mimi sikubaliani. Ule una beking pauda, kwa hiyo chenga zinavimba na kuyeyukia ndani ya keki. Tumia unga wa ngano mtupu nusu kikombe, sukari ya kahawia theluthi moja ya kikombe, mdalasini kijiko cha chai 1 na nusu, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na siagi au majarini ya baridi vijiko vikubwa 3. Sugua kwa vidole kama mwanzo, ila safari hii usiishie kwenye ungaunga. Endelea mpaka mafuta yashike, kisha bana mabonge na kuyavunja: mengine yawe na ukubwa wa harage, mengine madogo kama punje za mtama. Mchanganyiko wa ukubwa ndio unaotoa utamu wa kutafuna. Ziweke friji wakati unaandaa moto. Kipindi cha kipupwe dirishani tu panatosha, mradi paka asifike.

Kuhusu mdalasini, nunua vijiti, uache ule wa unga uliokaa kwenye vipakti vinavyoning'inia juani. Ukipita masoko yetu ya Mbeya, Mwanjelwa au Soweto, kwa wauza viungo, omba uvunje kipande kidogo na unuse. Kikiwa kimya puani, kitakuwa kimya na kwenye keki. Mdalasini wetu wa Zanzibar na wa milima ya Amani, Muheza, ukiwa mpya unanukia kabla hujauinua. Nyumbani upashe kidogo kwenye kikaango kikavu, utwange kwenye kinu, uchekeche. Makapi yanayobaki juu ya chekeche yatie kwenye birika la chai.

Paka mafuta chombo cha kuokea cha upana wa sentimita 22 au 23, mimina rojo, sawazisha, mwaga chenga zote juu bila kukandamiza. Wapo wanaoweka nyingine katikati ya rojo. Ni tamu, lakini keki inagawanyika vipande viwili ukiikata, na ukiwa na wageni utaona aibu.

Mwenye oveni kazi yake ni rahisi: nyuzi 190, iwe imeshapata moto, na aanze kuchungulia dakika ya 20. Kwa kawaida inamalizika kati ya 22 na 28. Usishushe moto kwa kuogopa kuunguza, kwa sababu huku tunataka unga ushike mapema kabla gesi haijaichosha keki.

Wa jiko la mkaa tunahitaji maelezo zaidi. Sufuria kubwa, mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili ndani yake, mfuniko juu, iache ipate moto kama robo saa. Kisha ingiza sufuria ndogo yenye keki na ugawe mkaa: chini uache kidogo uliokwisha kushika majivu, juu ya mfuniko uweke mwingi zaidi. Watu wengi wanafanya kinyume, chini moto wa kupikia makande na juu makaa mawili ya kubahatisha. Matokeo yake chini inaungua na chenga zinabaki zimepauka na kulowa. Moto wa juu una kazi mbili. Unakausha chenga zishike rangi, na unafanya mfuniko uwe wa moto kiasi kwamba mvuke haugeuki matone. Matone hayo ya mfuniko ndiyo adui wa keki hii. Kwa kuwa sufuria ni nyembamba na keki inakuwa nene, subiri dakika 30 hadi 40. Tumbukiza kijiti katikati. Kikitoka na chembe zilizoshikamana ni sawa, kikitoka na rojo rudisha mfuniko.

Kwenye jiko la gesi lisilo na oveni huwezi kuweka moto juu, kwa hiyo usipoteze muda kuzilazimisha chenga. Oka keki tupu kwa moto mdogo ndani ya sufuria la mchanga. Wakati huohuo zikaange chenga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukizigeuza polepole zisisagike, mpaka zibadilike rangi na jiko zima linukie. Keki ikikaribia kuiva na uso wake ukiwa bado unanata, zimwage juu na uzigandamize kidogo. Hazitashikana na keki kama za oveni, lakini zitalia mdomoni, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Binti mmoja wa Uyole tulikutana dukani ameshika pakiti ya unga wa keki. "Shikamoo dada. Huu nao utafanya shimo katikati kama ule wa siku ile?" Nikamwitikia, nikamwambia aununue tu. Ukiwa na wa pakiti, kwa kuwa beking pauda imo tayari, unachoweza ni kuizidi nguvu: ongeza unga wa ngano wa kawaida vijiko vikubwa 2, ongeza maziwa au maji vijiko vikubwa 2 juu ya kipimo kilichoandikwa, na oka kwa moto wa juu kidogo kuliko wanavyosema. Sukari usiongeze kabisa, ya pakiti huwa imetosha, na sukari nyingi nayo inachelewesha keki kushika. Kama ulichonacho ni ule unga unaojiumua wenyewe, changanya vikombe 3 vyake na kikombe 1 cha unga wa kawaida, kisha sugua mafuta kama nilivyoeleza. Chumvi usitie mpaka usome pakiti, mara nyingi imo.

Ikitoka motoni iache itulie robo saa ndani ya chombo chake. Nyumba yenye watoto robo saa hiyo ni ndefu, lakini ukiikata ya moto chenga zote zinamwagika sahanini. Tumia kisu cha meno ukikata kwa kusukuma na kuvuta, bila kukandamiza. Usiifunike ikiwa na joto, kwa sababu mvuke utazilainisha chenga ulizozihangaikia. Keki hii haina mafuta mengi, kwa hiyo kesho yake inaanza kukauka. Kipande cha jana kiweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo kabisa, nyunyiza matone ya maziwa pembeni ya kipande na si juu yake, funika dakika 2 au 3.

Wa Njombe na Makete, kwa mwinuko wenu anzeni na vijiko vikubwa 2 na nusu vya beking pauda kwa kilo badala ya 3, na maziwa yafike karibu kikombe kizima. Ikitoka imekaa chini, haina shimo ila ni nzito, rudisheni ile nusu ya kijiko kwenye ndoo inayofuata.