Kupanua Mpangilio wa Nyuzi Uwe wa Okestra Nzima: Anza kwa Kufuta

Wengi wetu tunaopangia kwaya muziki hapa Dar tumeanzia kwenye nyuzi: fidla mbili, viola, selo, na kontrabesi ikipatikana. Ukitaka mpangilio huo uwe wa okestra nzima, kishawishi ni kuziacha nota zilivyo na kuwagawia wapulizaji nakala: filimbi ifuate fidla ya kwanza, klarineti ifuate viola, tromboni ifuate selo. Nakusihi usifanye hivyo. Sauti itanenepa bila kupata rangi, maana kila chombo kinasema neno lilelile kwa wakati uleule.

Mimi huanza kwa kufuta. Napita mstari kwa mstari nikitafuta mahali fidla wanapoweza kunyamaza, obo (chombo cha kupuliza chenye sauti nyembamba) au klarineti ibaki peke yake na wimbo. Fidla wakirudi, msikilizaji anawasikia upya. Mtunzi Mjerumani Mendelssohn alipochukua skerzo (sehemu ya haraka na nyepesi) ya okteti yake ya nyuzi, yaani muziki wa wapigaji wanane, ya mwaka 1825 na kuipangia okestra kwa onyesho la London mwaka 1829, hakuinakili tu. Aliifupisha na kuifanyia kazi upya.

Kabla ya kuandika chochote, jua nani atapiga. Wapulizaji wazuri hapa mjini utawapata kwenye bendi za Polisi, JWTZ na Magereza, na kwenye vikundi vya tarumbeta vya KKKT. Hawasomi wote kwa namna moja. Kwa kawaida nota ya C kwenye karatasi ya tarumbeta ya B flati hutoa sauti ya B flati, lakini katika desturi ya tarumbeta za makanisa ya Ujerumani mpigaji husoma sauti ileile inayosikika. Kwa hiyo muulize kila mmoja: "Kaka, ukiona C hapa, kwenye piano ni nota gani?" Swali hilo huokoa jioni nzima ya mazoezi.

Ufunguo, yaani nota ambayo wimbo umejengwa juu yake, nao unahitaji kufikiriwa sana. Nyuzi hupenda D, kwa kuwa nyuzi zilizo wazi, zisizobonyezwa kidole, huitikia. Ila D hiyo kwa klarineti na tarumbeta za B flati inakuwa E kwenye karatasi, yenye shapu nne (alama za kupandisha nota), na kwa kijana aliyezoea flati (alama za kushusha) huo ni mzigo. Ukishusha wimbo hadi C, wapulizaji watapumua, lakini kagua fidla: kila G ya chini kabisa inakuwa F, nota ambayo fidla haina. Sehemu hizo wahamishie viola.

Halafu pumzi. Mpiga selo hugeuza upinde na nota ikaendelea. Mpiga tromboni lazima avute hewa. Nota ndefu iliyolala chini ya ubeti mzima wape wawili wapokezane.

Kuhusu nguvu, mtunzi Mrusi Rimsky-Korsakov alikadiria kwamba penye sauti kubwa tarumbeta moja ni sawa na honi mbili, na honi moja ni sawa na filimbi au klarineti mbili. Kama fidla wako ni wachache, tarumbeta ziwekee kilele tu. Na wimbo uliokuwa mtamu kwenye uzi wa G wa fidla usimpe filimbi: huko chini ni dhaifu, na nota za mwisho kabisa hana. Mpe klarineti, sauti yake ya chini ni nene na nzuri mno.

Zile nota ulizozifuta usizitupe. Ziandike kwa maandishi madogo kwenye karatasi za fidla na viola, juu yake ukitaja chombo kilichozichukua. Mpiga obo wako ni askari. Akiitwa kazini Jumamosi ya onyesho, fidla ya pili ataushika wimbo palepale.